Ziwa Lilipopasuka, Sisi Tulikuwa Guildford

Mpaka leo nikiona keki ya ngazi tatu nainuka mezani. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee, au sukari. Si uzee wala si sukari. Ni kinyaa, na nitasema kilitoka wapi, maana nimechoka kuwasikia watu wa jumuiya yetu wakisimulia mambo yale huku kila mmoja akijisifu.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Naandika polepole, na binti yangu ndiye anayeniwekea nukta na mkato. Lakini maneno ni yangu, na asiyeyapenda ayaache.

Nimezaliwa chini ya Ruwenzori, upande wa Kongo. Nikiwaambia watu wa hapa Sydney kwamba kwetu kuna barafu, wanacheka. Wanadhani Afrika yote ni jua na twiga. Juu kabisa kuna barafu ya miaka yote, na chini ya barafu kuna maziwa. Ziwa lililo juu ya mto wetu hakuna mtu aliyelijengea ukuta. Zamani barafu ilipokuwa kubwa ilisukuma mawe na udongo mbele yake, halafu ikarudi nyuma, na pale ilipotoka maji yakajaa. Kinachoyazuia ni lile rundo la mawe na udongo, basi. Barafu ikizidi kuyeyuka, maji nayo yanazidi kupanda. Siku rundo likishindwa, kinachoteremka si maji peke yake. Mlima wenyewe unateremka: mawe makubwa kama gari, miti na mizizi yake, na tope jeusi ambalo likikukuta halikupi nafasi hata ya kuita mama.

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuliona. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikadhani nimekosea kitu, akanivuta kupita katikati ya kahawa ya jirani, kupanda, kupanda tu, bila neno. Asubuhi yake, palipokuwa na migomba yetu palikuwa na mawe. Tulipona kwa sababu ya pembe.

Pembe ilikuwa hivi. Familia moja iliishi juu kuliko wote, karibu na msitu, na kazi yao ilikuwa kulisikiliza ziwa. Wao walikuwa na pembe ya nyati. Nyumba iliyofuata chini yao ilikuwa na pembe, na iliyofuata pia, hivyo hivyo kando ya mto mpaka kivukoni ambako sisi tuliishi. Wa juu akipuliza, wa chini anapokea. Na wewe uliyepuliza hukimbii kwanza. Unaendelea kupuliza mpaka umsikie mwenzako wa chini amepokea. Hapo ndipo unachukua watoto wako unapanda.

Na pembe ile haikupulizwa kwa jambo lingine lolote. Si harusi, si msiba, si chui kaonekana. Kijana mmoja aliwahi kuipuliza siku anaoa, kwa furaha tu. Watu wote wa bondeni waliacha sufuria motoni wakapanda mlima na wagonjwa mgongoni. Walipojua ni harusi, hawakumpiga. Walishuka kimya, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye sherehe yake. Bibi harusi alikaa na chakula cha bonde zima mbele yake mpaka kikachacha. Yule kijana alihamia mjini Beni.

Vita vilipokuja, nyumba zile za kando ya mto zilibaki wazi. Pembe zikapotea, nyingine zikauzwa. Baadaye wakaja watu wa mradi wakasimamisha mlingoti wenye sanduku la kupima maji na king'ora. King'ora kilikuwa kinakula umeme wa jua. Haukupita muda mrefu paneli ya jua ikang'olewa, na tukasikia iko juu ya paa la baa inapigisha muziki. Nilipoambiwa hilo nilikuwa nimeshafika Australia, na nilitema mate kwenye sinki ya binti yangu.

Tuliletwa hapa kama wakimbizi, tukapata nyumba mtaa wa Toongabbie. Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Seven Hills. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijito kinachoonekana kama mfereji wa kuoshea viatu, lakini mvua kubwa ikinyesha kinavimba mpaka njiani. Siku hizo binti yangu anapata ujumbe kwenye simu: maji yanapanda, msipite barabara fulani, hameni. Maneno machache. Ujumbe haumuulizi kwanza kama watoto wameamkaje.

Mdogo wangu wa kike hakuja nasi. Alibaki kivukoni, kwenye kiwanja cha mama yetu, mita chache kutoka majini. Nilimsihi ahame. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Akasema, "Yaya, nihamie wapi? Juu kuna waasi, chini kuna mto. Mto angalau naujua." Basi kila nilipokula hapa, kila nilipolala, nilikuwa na swali moja tu: siku ile ziwa likikatika, nani atamwambia?

Ndiyo maana presida wetu alipotengeneza kikundi kwenye simu, nilimshukuru kwa mikono miwili. Presida ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya watu wa lile bonde tulio hapa Sydney. Ni mtu wa suti, anafanya kazi ofisini Parramatta, ana sauti nzuri. Wazo lilikuwa zuri, hilo simnyimi. Mzee wa ile familia ya juu bado alikuwa hai na sasa alikuwa na simu. Akiona jambo ziwani atasema mara moja, na watu wote wa kando ya mto watasikia kwa pamoja. Kikaitwa Kikundi cha Maji.

Sisi wa Sydney tulikuwa na kazi gani mle? Hakuna. Mawe hayawezi kutufuata mpaka Toongabbie. Lakini nani angekubali kuachwa nje? Wote tukaingia, na mimi nikaingia.

Juma la kwanza kilikuwa safi. Yule mzee, ambaye tulimwita mlinzi, alisema, "Leo maji ni meupe," watu wa chini wakajibu, "Tumesikia." Basi.

Juma la pili mtu wa Guildford, mtaa mwingine wa hapa Sydney, akaweka neno la asubuhi kutoka Biblia. Mwingine akaona si vizuri neno la Mungu lipite bila kuitikiwa, akaandika Amina. Wote wakaandika Amina, maana asiyeandika angeonekana ana roho mbaya. Zikafuata salamu za Krismasi. Ikafuata picha ya mtoto wa mtu anazima mishumaa. Vitenge vinauzwa, saizi zote. Mtu amepata uraia, makofi. Mtu amenunua gari, yuko amelala juu ya boneti kama ngozi ya ng'ombe inayokaushwa. Na video, Mungu wangu, video! Watu wanacheza kuanzia saa nane mchana mpaka viatu vinavuliwa.

Nilimkamata presida nje ya kanisa, kwenye maegesho ya magari.

"Presida, kile kikundi ni cha maji. Mbona watu wanauza vitenge mle?"

"Mama, watu wanapendana. Upendo nao tuukataze?"

"Upendo utafutiwe kikundi chake."

"Sasa mlinzi akitaka kusema maji yanakuja, nani amemziba mdomo?"

"Nyinyi. Mnapiga kelele nyumba nzima halafu mnasema mgonjwa hajaita."

Akacheka, akanishika bega. "Mama, wewe ungezaliwa mwanaume ungekuwa kanali."

Juma lile akaandika amri mpya. Nilifurahi, nikamwambia binti yangu anisomee haraka. Amri ilisema hivi: ili kikundi kiwe na nidhamu, kuanzia sasa kila ujumbe uanze kwa kumsifu Bwana na kusalimia wazee, bila ubaguzi. Nilimwambia binti yangu anisomee tena kwa kuwa nilidhani ameruka mstari. Hakuruka.

Siku chache baadaye nilimpigia mdogo wangu simu ya kawaida.

"Yaya, mimi nimezima mega," akasema. Mega kule ndiyo data, wanainunua kidogo kidogo kama chumvi. "Juzi bwana mmoja wa huko kwenu ametuma harusi yote. Harusi yote, yaya! Kuanzia kanisani mpaka wamama wanaosha sahani. Mega zangu za juma zima zimeisha kwa kuangalia mtu anaosha sahani."

"Sasa mlinzi akisema kitu?"

"Si wewe utanipigia? Si uko Ulaya?"

"Niko Australia."

"Ni kulekule."

Tulicheka. Nilipoweka simu chini sikucheka tena. Nilikwenda kwa presida mara ya pili, na mara ile hakunishika bega. Aliangalia saa.

Basi ikafika ile Jumamosi. Binti wa presida alikuwa anatolewa dote, mahari yenu nyinyi wa pwani. Walikodi ukumbi Guildford. Wakwe walikuja na masanduku ya soda na vitenge na nini sijui. Presida alivaa koti lenye nyuzi za dhahabu. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, makayabu ya samaki wa chumvi, sambusa za jirani zetu Wakenya, na katikati ya meza ile keki ya ngazi tatu, nyeupe, yenye maua ya sukari. Ilikuwa mchana, kwetu kule ndiyo kwanza kunapambazuka.

Kwa desturi yetu binti anayetolewa dote hakai ukumbini. Anafichwa chumba cha nyuma na dada zake, na hatoki mpaka aitwe, na kuitwa kwenyewe kunaringiwa. Akitoka kabla, ni kama amejiuza mwenyewe bila wazazi. Ni aibu kubwa.

Nilikaa karibu na mlango wa jiko kukimbia kelele za spika. Kando yangu alikaa nesi mmoja Mkenya, rafiki wa binti yangu. Simu ilikuwa mapajani inatetemeka kama nyuki ndani ya kopo. Kila mtu ukumbini alikuwa amenyanyua simu yake, na kila alichopiga picha alikitupa kwenye Kikundi cha Maji. Wakwe wanaingia. Keki kwa mbele. Keki kwa ubavu. Presida anacheza.

Ukapita ujumbe wa sauti wa mzee mlinzi. Mimi kusoma kunanichosha, kwa hiyo sauti huzisikiliza zote. Nikaweka simu sikioni na kidole kwenye sikio la pili.

"Bwana asifiwe sana, wapendwa," mzee akaanza. "Nawasalimia wazee wetu wote. Nampongeza presida na familia yake kwa siku kubwa ya leo. Nawasalimia wamama, na vijana..."

Alikuwa anahema. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio kama lori linapanda mlima bila kufika. Nikajiuliza, mzee anasalimia huku anakimbia?

"...na watoto wetu walio mbali. Samahani kukatiza sherehe. Ziwa limepasuka. Rundo limekatika upande wa kushoto, nimeliona kwa macho yangu. Mto umekuwa mweusi. Watu wa darajani, watu wa kivukoni, pandeni, acheni vitu, pandeni sasa hivi."

Nikaangalia kioo. Chini ya sauti ya mzee majibu yalikuwa yameshapangana. Amina mzee. Amina. Amina na ubarikiwe. Mikono miwili inaomba. Moyo mwekundu. Halafu keki tena, safari hii mtu amesimama nayo.

Hakuna hata mmoja aliyefungua. Waliona ni sauti ya mzee, wakajua itaanza na Bwana asifiwe kama ilivyoamriwa, wakaitikia sala ambayo hawakuisikia. Na mzee wa watu, kwa adabu yake, ametusalimia mmoja mmoja huku mlima unamwangukia mgongoni. Damu ilinipanda.

Kutoka kwa mlinzi mpaka kivukoni, maji hayachukui muda wa kupika maharage. Ni muda wa kusonga bugali. Nikampigia mdogo wangu. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Ikaita. Simu yangu ikaniambia salio limekwisha.

Yule nesi, ambaye huniita shosho, yaani bibi, alikuwa ananiangalia. "Shosho, kuna nini?"

Nikamwambia kwa maneno matatu. Hakuuliza la nne. "Shika yangu, iko na salio ya kupiga nje. Piga, shosho, usiwaze." Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata.

Nikasimama. Nilivuka katikati ya watu wanaocheza, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Akadhani nataka kubariki, akaniambia polepole, "Mama, zamu ya wamama bado."

"Zimeni muziki," nikasema. "Ziwa limepasuka. Maji yako njiani. Kila mwenye mtu kati ya daraja na kivuko ampigie sasa hivi, simu ya kawaida."

Unajua walifanya nini? Walimwangalia presida. Watu wazima, wana watoto, wana vyeti, waliniacha mimi na mto wao wakamwangalia mtu mwenye koti la dhahabu kuona kama wanaruhusiwa kuogopa.

Presida akaja na tabasamu lake. Akaongea chini, kwa meno. "Mama, tafadhali. Wakwe wako hapa."

"Wakwe wana masikio, wamesikia."

"Tutashughulikia. Tumalize hili la masanduku kwanza, dakika chache. Kule wana kikundi, wameshaona."

"Wameona keki yako!" nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwangu. Ukumbi mzima ulisikia. Wamama wawili waliguna. Mkwe mmoja mzee akauliza mwenzake, "Huyu ni shangazi wa binti au ni mgonjwa?"

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Binti alitoka mwenyewe. Hajaitwa. Kitenge kimemwanguka kichwani, shanga nusu zimefungwa nusu zinaning'inia, dada zake nyuma yake wanamvuta. Simu ilikuwa sikioni. Hakumwangalia baba yake wala wakwe. Alikuwa anampigia binamu yake anayeuza mafuta ya taa kivukoni.

"Amka! Ziwa limepasuka. Usiulize, amka!" Akaniona. Akaweka simu kwa sauti kubwa, akanisogezea. "Bibi, dada yako mlango gani?"

"Wa bluu," nikasema. "Nyuma ya kinu."

"Mlango wa bluu nyuma ya kinu, mgongee. Usikate simu. Ukikata hutaniona tena maishani. Nataka kumsikia mwenyewe."

Hapo ndipo ukumbi ulipopata akili. Baada ya kuona binti ametoka, aibu imeshatokea, hakuna cha kulinda tena, kila mtu akatoa simu. Ukumbi ukawa kama soko. "Mjomba, pandeni!" "Sisemi video, nasema maji!" Mimi nilisikiliza simu moja tu. Nilisikia miguu ya yule kijana inakimbia kwenye tope. Mbwa. Kuhema. Halafu ngumi kwenye mlango, na sauti ya mdogo wangu, yenye hasira za usingizi:

"Nani anagonga mlango wa watu namna hii?"

"Maji, mama! Maji!"

Halafu ule mlio wa lori. Halafu simu ikakatika.

Nilikaa chini palepale, kwenye kiti cha mkwe. Binti akakaa sakafuni miguuni pangu na shanga zake, akawa anapiga na kupiga. Haikupatikana.

Sasa niandike lile lililonitia kinyaa kuliko yote. Mchungaji aliomba, vizuri. Halafu mshereheshaji akamnong'oneza presida, presida akakubali kwa kichwa, na mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba kwa kuwa tumekabidhi yote mikononi mwa Bwana, na kwa kuwa ukumbi unatakiwa kurudishwa jioni, tungeendelea na chakula kisipoe. Wakala. Niliwaona. Miiba ya makayabu kwenye sahani, vidole vinang'aa mafuta, mkono wa kushoto unapiga simu Kongo na mkono wa kulia unatafuta pilipili. Mwisho wakakata keki. Mama mmoja akaniletea kipande kwenye kitambaa cha karatasi.

"Kula, mama, upate nguvu."

Niliangalia ule weupe, lile ua la sukari limelala ubavu. Nikaenda nje nikatapika kwenye maua ya ukumbi. Yule nesi alinishika kiuno.

Simu iliita tukiwa kwenye gari, kwenye taa za barabarani. Namba siijui.

"Yaya."

Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Yaya, ni mimi. Nyumba imeenda. Kinu kimeenda."

"Wewe?"

"Mimi nina tope mpaka kwenye meno, lakini meno yapo."

Nikamtukana. "Kwa nini hukushika simu? Nilikupigia mpaka kidole kikauma!"

"Niliona ni namba za nje, nikasema leo ni sherehe ya presida, wananitafuta niwapigie vigelegele kwenye simu nikiwa kitandani. Nikaitia kwenye debe la unga nisiisikie."

"Debe liko wapi?"

"Yaya, debe unauliza? Debe liko mtoni Semliki saa hizi." Akacheka, halafu akalia, na mimi nikalia, na binti yangu akaegesha gari pembeni akalia kichwa kwenye usukani.

Walikuwepo wazee wawili, mume na mke, chini kidogo ya mdogo wangu. Nao walikuwa wamezima mega kwa sababu ya harusi za watu. Hawakuwa na binamu wa kuwagongea mlango. Hawakupatikana.

Jumapili iliyofuata presida alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema teknolojia imeokoa bonde letu. Alisema Kikundi cha Maji, ambacho tulikianzisha kwa maono, kimefanya kazi yake. Watu wakapiga makofi. Na kwenye kikundi chenyewe mtu alikuwa ameshaunganisha picha za mawe na picha za dote, akaweka wimbo juu yake.

Nilisimama bila kuitwa.

"Presida, na wale wazee wawili?"

"Mama?"

"Mlinzi aliposema pandeni, sisi tulimjibu nini? Soma. Simu si unayo? Wasomee watu."

Hakusoma. Alisema ni wakati wa maombolezo, si wakati wa lawama.

"Basi silaumu. Naomba kitu kimoja. Kila mtu wa Sydney atoke kwenye kikundi kile. Leo."

Kelele zikaanza. Mmoja akauliza, "Sasa habari za nyumbani tutazijuaje?" Nikamwambia, "Kwa kupiga simu, kama mtu na ndugu yake." Mwingine akasema mimi nina wivu kwa sababu binti yangu hajapata mchumba. Yule nilimwacha, Mungu atampa mkwe anayemfaa.

Presida akapata pa kunishika. "Na wewe mama? Mdogo wako si yuko kulekule? Ukitoka hutasikia kitu. Ziwa likikatika tena utakuwa wa mwisho kujua."

Hilo lilikuwa kweli, na alijua linaniuma. Binti yangu akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Mama, fikiria. Ukitoka hutajua."

"Najua sitajua. Nionyeshe pa kubonyeza."

Akanionyesha. Nikabonyeza mbele yao wote. Binti wa presida alikuwa kiti cha pili, akatoka wa pili. Wengine wakatoka siku ile, wengine wakanuna na kubaki. Presida aligoma. Alisema kikundi ni chake, amekizaa yeye. Binti yake akamwambia mbele ya mama yake kwamba siku ya harusi haipangwi mpaka baba amkabidhi mlinzi kikundi na kutoka. Juma halikuisha akatoka. Aliaga kwa ujumbe mrefu kupita kiasi, ulioanza na Bwana asifiwe, na nasikia kuna waliojibu Amina.

Mdogo wangu amejenga juu kidogo, kwa mbao, bado karibu mno kwa roho yangu. Aliniambia kikundi sasa ni kimya mpaka siku moja alimpigia mlinzi kumuuliza kama amekufa. Mlinzi akamwambia, "Sijafa, maji ni meupe." Mdogo wangu amewasha mega zake.

Mimi huku sijui kitu. Mvua ikinyesha kule naosha vyombo hapa. Usiku nalala na lile swali, na asubuhi naamka nalo, na nampigia Jumapili baada ya ibada.

Mara ya mwisho aliniuliza, "Yaya, ile harusi ya binti wa presida imepita?"

"Imepita."

"Video hamtumi?"

"Hatutumi."

"Hata fupi?"

"Hata fupi."

Nikasikia anafukuza kuku wake. "Basi nieleze. Alivaa rangi gani?"

Nikamweleza. Gauni, viatu, nani alikuja na nani aliringa, nani alicheza vibaya. Nilimweleza mpaka salio likaisha.